Wanaume Walikwenda Wapi?

Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze habari za hesabu ya watu, maana inahusu shamba lako.

Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854: wanaume 599,648 na wanawake 671,206. Yaani kwa kila wanawake 100, wanaume walikuwa 89 tu. Je, huku kwetu, toka Msimbati mpaka mdomo wa Ruvuma, hawazaliwi wavulana? Wanazaliwa sana. Pengo huja ukubwani. Wanawake huishi miaka mingi zaidi, na wanaume huondoka.

Kuondoka huko si kwa jana. Enzi za Waingereza kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge, Lindi na Tanga. Vijana wakachukuliwa kwa mkataba, wakaitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Mwaka 1947 ukaja mpango wa karanga wa Nachingwea. Kwa ajili yake ikajengwa reli, ikajengwa na bandari ya Mtwara. Mpango ukafa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Kazi zilipokwisha, watu wakatafuta kwingine. Mpaka leo vijana huenda Dar es Salaam, na wavuvi huenda dago miezi mingi.

Basi nani alibaki? Mama na jembe lake. Yeye ndiye aliyelima mihogo, mtama, na mpunga wa bonde la Ruvuma, akakesha shambani kufukuza nguruwe.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa mila ya Wamakonde ukoo huhesabiwa upande wa mama, na ardhi ilifuata ukoo huo. Lakini ulipokuja mkorosho, mti wa kudumu na wa fedha, mara nyingi aliyeandikwa kuwa mwenye miti ni mume. Mume yuko safarini; mama anapalilia, anapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, anaokota korosho. Siku ya malipo, jina lililoko kwenye daftari la chama si lake. Mume akifariki huko huko, mama aanze kugombania miti aliyoitunza mwenyewe!

Ndugu wakulima, dawa ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Hati ya haki miliki ya kimila yaweza kuandikwa majina ya wote wawili. Kwa hiyo, bwana, kabla hujafunga mzigo, nendeni pamoja ofisi ya kijiji mkaandikishe shamba. Nawe mama, ingia chama cha msingi kwa jina lako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Haya, tukutane tena juma lijalo. Kazi njema.