Kutetemeka kwa injini kwenye sailensa (Same na Upare)

Kutetemeka kwenye sailensa ni hali ya injini kutikisika kupita kawaida wakati gari limesimama, injini inawaka na mguu hauko kwenye mafuta. Ni tatizo la kila mahali, lakini katika Wilaya ya Same na Milima ya Pare lina sura yake. Hapa gari huweza kuanza siku kwenye lami ya barabara kuu ya Arusha–Segera, kisha likaiacha lami na kupanda mawe na kona hadi Mbaga au Mamba Myamba, likarudi na shehena ya tangawizi.

Chanzo cha mtikisiko

Injini ya petroli ya silinda nne kwenye sailensa huzunguka mara 650 hadi 800 hivi kwa dakika. Kila silinda huchoma mafuta mara moja katika mizunguko miwili. Kwa hiyo kwenye mizunguko 750 injini nzima husukumwa mara 25 kwa sekunde. Silinda moja ikilala, yaani ikimisi bila kuchoma mafuta, pengo hujitokeza takriban mara 6 kwa sekunde, na mwendo huo wa taratibu ndio unaofika kwenye usukani na viti. Dereva akikanyaga mafuta, uzito wa flaiwili hulifunika pengo, na gari huonekana limepona. Halijapona.

Injini ya 1KR-FE ya lita 1, iliyomo kwenye Toyota Passo na baadhi ya Vitz, ina silinda tatu. Mtikisiko wake mdogo ni wa asili na hautibiwi.

Kuitafuta silinda iliyolala

Kosa linalowagharimu wenye magari ni kununua kabla ya kupima: plagi mpya, kisha koili, kisha pampu, na gari bado linatetemeka. Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Injini ikiwaka, fundi huchomoa soketi ya umeme ya koili au ya nozeli, silinda moja baada ya nyingine, na kuirudisha. Mtikisiko ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, hiyo ndiyo iliyolala. Kwenye magari ya zamani huchomolewa waya wa plagi, lakini kuuacha umeme wake uruke hewani kunaweza kuua koili na kumpiga fundi, hivyo waya huo hupewa mahali salama pa kutulia kwenye bodi.

Silinda ikijulikana, koili yake huhamishiwa silinda ya jirani, kisha plagi, kimoja kimoja. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Ukihama na plagi, plagi. Ukibaki palepale, hupimwa nozeli, kisha kompresheni. Presha ya silinda zote inapaswa kukaribiana. Iliyo chini mno huashiria valvu isiyofunga, ringi zilizolika au gasketi ya silinda hedi. Matone machache ya oili yakiwekwa kupitia tundu la plagi na presha ikapanda, ringi ndizo za kushukiwa.

Plagi yenyewe husema mengi. Nyeusi yenye masizi makavu, mafuta yamezidi. Yenye oili, ringi au sili za valvu. Nyeupe, hewa imezidi au injini inapata joto kali.

Mashine ya kusoma kodi husaidia sana kwenye magari yanayoikubali. Kodi P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi, na P0300 humaanisha kumisi kusiko na silinda maalumu. Hata hivyo kodi hutaja mahali tu, haitaji kifaa kilichokufa.

Hewa, vumbi na mwinuko

Tambarare ya Same ni kavu kwa kuwa milima huzuia mvua, na barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi katika sehemu kubwa. Eakilina iliyoziba, throto yenye utando mweusi na mpira wa vakyumu uliopasuka ni vya kukaguliwa mapema. Mpira uliopasuka hutoa mlio wa kufyonza, na kipande cha bomba kikiwekwa sikioni huonyesha mahali penyewe.

Mji wa Same uko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Shengena kinazidi mita 2,400. Presha ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na kabureta haijui hilo: juu mlimani hutoa mafuta mengi kuliko hewa, moshi mweusi ukaonekana na sailensa ikayumba. Kabureta iliyorekebishwa mlimani huweza nayo kusumbua ikishuka. Injini za nozeli zinazoongozwa na kompyuta hujirekebisha zenyewe.

Mafuta

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huharibu uchomaji. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuubaini udanganyifu huo.

Mauntingi

Mauntingi ni raba zinazoibeba injini, na barabara za mawe huzichosha haraka. Dalili yake ni ya kipekee: mlio wa injini ni sawa, moshi hutoka kwenye ekzosi bila kukatika, lakini bodi inatikisika, hasa gari la otomatiki likiwa kwenye D na breki imekanyagwa. Likiwekwa N, hutulia. Kununua mauntingi ya mtumba ni uamuzi mbaya, kwa sababu raba huzeeka hata ikiwa haijabeba kitu.

Dizeli

Kwenye dizeli za zamani fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli, moja moja, kwa kipimo kilekile cha kuitafuta silinda iliyolala. Kwenye dizeli za komoni reli kufanya hivyo ni marufuku: presha yake hufika zaidi ya mara 1,000 ya presha ya hewa ya kawaida, na mafuta hupenya ngozi.