Kidhibiti mwendo na mteremko wa Nithi

Kidhibiti mwendo ni kifaa kinachozuia injini isiliendeshe gari kupita kasi iliyowekwa. Nchini Kenya, matatu, mabasi na malori makubwa yalilazimishwa kuwa nacho Februari 2004, chini ya kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Kikomo kiliwekwa kilomita 80 kwa saa.

Kitambuzi kilichofungwa kwenye giaboksi huhesabu mizunguko na kukiarifu kifaa. Kasi ikifika kikomo, mafuta yaingiayo katika injini hupunguzwa, dereva akanyage atakavyo. Vifaa vya kisasa huhifadhi pia rekodi ya mwendo ambayo mkaguzi aweza kuisoma. Naye hutazama lakiri, maana ikiwa imekatwa, huenda kuna aliyechezea nyaya.

Lakini 80 inayosomeka hapo ni kikomo cha injini tu. Katika barabara ya Meru-Embu, kwenye Kaunti ya Tharaka-Nithi, magari huteremka kwa kasi kuelekea daraja la Nithi lenye kona mbaya. Hapo linalolisukuma gari ni uzito wake lenyewe, na kifaa kikiisha kupunguza mafuta hakina la ziada. Zimebaki breki na gia ya chini. Julai 24, 2022, basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia darajani humo, wakafa zaidi ya watu 30.

Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Ndiyo sababu gia hupunguzwa juu, kabla mteremko haujaanza.