Neno Lililotoka Katika Kuomba

Leo nawaletea neno moja la Kiingereza lisilosikika kila siku, "precarious". Kamusi itakuambia ni hali isiyo na hakika, kama mtungi uliowekwa ukingoni mwa meza. Lakini asili yake ni ya kushangaza. Limetoka katika neno la Kilatini, "precarius", maana yake, kilichopatikana kwa kuomba. Na ndugu yake wa tumbo moja ni "prayer", yaani sala!

Imekuwaje kuomba kuzae wasiwasi? Katika sheria ya Warumi, mtu aliweza kumwomba mwenye shamba ampe mahali pa kukaa. Alipewa bure, lakini mwenyewe alipobadili nia, yule mwombaji hakuwa na la kusema ila kuondoka. Anayeishi hivyo hulala akiusikiliza mlango.

Sisi wa Sosiot na Kericho yote tunaijua hali hiyo hata bila Kilatini. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilihesabu hata nchi waliyokaa wenyeji kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Walowezi waliweza kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Mwaka 1921, katika kesi iliyohusu ardhi ya Wakikuyu, Jaji Mkuu Barth alisema Mwafrika ni mpangaji tu, anayekaa kwa hiari ya Mfalme. Mmoja ana miaka 999. Mwingine hana hakika ya kesho! Mwaka 1934 sheria maalum ilitungwa, na jamaa za ukoo wa Talai wakaondolewa katika nchi ya Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria.

Ndugu zangu, ukoloni umepita. Katiba ya mwaka 2010 imesema asiye raia hawezi kukodi ardhi kupita miaka 99. Lakini tujiulize nyumbani kwetu. Yuko mjane anayelima shamba la marehemu mumewe, na kila msimu lazima ambembeleze shemeji. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inampa haki ya kukaa hapo. Kwa nini basi aombe kilicho chake? Tukimfanya hivyo, tumemrudisha katika hukumu ile ya mwaka 1921, na mara hii Mfalme ni sisi.

Wapenzi, kumwomba Mungu ni jambo jingine. Yeye hatoi leo ili apate kututisha kesho. Mtoto humwomba baba yake chakula, wala halali akiogopa kufukuzwa. Kwa hiyo, tupige magoti mbele za Mungu peke yake, wala tusimlazimishe jirani kupiga magoti mbele yetu kwa ajili ya haki yake. Kabla jua la leo halijatua, mwendee yule anayekaa kwako kwa wasiwasi, umwambie mbele ya mashahidi, "Hapa ni pako."

Bwana awabariki. Amina.