Mmanga wa Unguja, Mzinjibari wa Ibra

Pilipili manga haikuzaliwa Manga. Kwao ni Malabar, kusini-magharibi mwa India. Kungumanga nayo asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia, mbali zaidi. Lakini mtu wa pwani hakuona shamba la mpilipili. Aliona jahazi lililoshuka na kaskazi na nahodha aliyeteremsha magunia. Basi kila kilichokuja na nahodha yule kikapewa jina la kwao nahodha. Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Maskati: ndivyo kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inavyoeleza, na Mangapwani ya Unguja ingali inalibeba jina hilo.

Mtu wa huko akaitwa Mmanga. Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu si kila Mwarabu aliitwa hivyo. Waharthi na Wabarwani wa zamani, wenye mashamba ya mikarafuu na nyumba za mjini, waliokwishazungumza Kiswahili vizazi kadhaa, jina hilo lisingewakaa. Mmanga alikuwa yule aliyefika juzi: katoka Ibra, Sur au vijiji vya Nizwa huko Oman, kakimbia ukame wa mifereji ya falaj, kafungua kiduka shamba, ananunua mbata na karafuu, Kiswahili chake kinawachekesha watoto. Ajabu ni kwamba Wabarwani wenyewe ukoo wao unatoka Ibra. Babu yao naye alishuka jahazini kama Mmanga huyo, ila alishuka mapema.

Makarani wa Kiingereza hawakuzijali m mbili za mwanzo. Katika mafaili yao Mmanga aliandikwa Manga tu, mtu akageuka nchi. Na aliandikwa sana, aghalabu kwa shari. Februari 1936, serikali ilipoanza kukagua ubora wa mbata, wafanyabiashara wa Kimanga walizusha fujo mjini Unguja na ofisa mmoja wa Kiingereza akauawa. Juni 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 walipoteza maisha, karibu wote Waarabu, na wengi kati yao walikuwa Wamanga wa mashambani. Mapinduzi ya Januari 1964 yakawakuta Wamanga hao hao tena, wakiwa peke yao katika viduka vyao.

Sultani Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi kujenga nchi. Maelfu wakarudi. Wengine koo zao ni za Ibra, ambako majumba ya mtaa wa Manzfah yalijengwa kwa fedha za biashara, ya Afrika Mashariki ikiwamo. Wengine ni wa Sur, bandari iliyounda majahazi kwa karne nyingi. Walidhani wanakwenda kwao. Walipofungua mdomo wakapewa jina jipya: Zinjibari. Aliyetoka Mombasa, Zinjibari. Aliyezaliwa Bujumbura au Kigali, ambaye bahari ya Unguja hajaiona maishani, naye Zinjibari. Walikuwa na elimu na Kiingereza, nchi iliyokuwa na shule tatu tu ikawahitaji mno maofisini na hospitalini, lakini Kiarabu chao kiliwachekesha watoto wa Ibra.

Kwa maoni yangu, majina haya mawili ni jina moja. Hakuna kati yake linalosema mtu katoka wapi hasa. Yote yanasema kafika lini.

Tahajia nayo haikutulia. Ukoo ule ule huandikwa Harthi, Al-Harthy, Alharthy na El-Harthy, kutegemea karani gani aliyejaza pasipoti na katika bandari ipi. Huku nyuma Kiswahili kimeendelea kuunganisha maneno yake: koma na manga yamekuwa neno moja, komamanga, na kijana wa leo halioni tena jina la nchi ndani ya tunda.

Tunda hilo, angalau, halikudanganya kama pilipili. Linaota kwa wingi Jabal Akhdar, juu ya Nizwa, kwenye matuta ya Saiq, na huvunwa kuanzia mwishoni mwa kiangazi. Ila sokoni Nizwa ukiuliza komamanga, muuzaji atakutazama tu, labda awe Zinjibari. Kwao ni rumman.