Banyambala, ukwangala na kiwanja cha mtaa

Wadau, ukibishana soka na wazee wa Mbeya, usijisumbue na habari za Simba na Yanga. Watakutupia mwaka mmoja tu: 1986. Mwaka huo Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja. Timu ya mji wa wilaya, si wa mkoa, iliwaacha vigogo wa Dar wanashangaa.

Wengi huuliza timu ile ilipotelea wapi. Mimi nina swali jingine: ni nani mwenye wajibu wa kumpa kijana mahali pa kuchezea? Naona mahali pa kujiburudisha ni huduma ya umma kama maji na barabara, na historia ya Rungwe inaniunga mkono.

Nikiwa chuo kikuu nilisoma kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichotoka 1951. Yeye na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Walikuta vijiji vya rika. Mtoto wa kiume akifikisha kama miaka 10 aliacha kulala kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda na wenzake pembeni ya kijiji cha wazazi. Kula walirudi kwa mama zao, tena kwa makundi. Huko walijifunza ukwangala, yaani kukaa na wenzako, mkala, mkanywa, mkazungumza mkafurahi. Haikuwa anasa. Ndivyo mtu alivyofunzwa akili na adabu. Haikuwa pepo pia, maana wasichana hawakuwa na kijiji chao. Lakini jambo moja liko wazi: jamii yenyewe ilitenga ardhi ili vijana wawe pamoja.

Mji ulikuja na mambo mengine. Wajerumani waliuita Neu Langenburg, mji wa boma, kodi na mahakama. Waingereza walipoingia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jina likawa Tukuyu, kazi ikabaki ileile ya utawala. Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kujenga vituo vya ustawi kwa Waafrika wa mijini. Dar es Salaam ikapata ukumbi wa Arnautoglu miaka ya 1950. Nia haikuwa burudani tu. Walitaka pia kijana wa mjini akae wanapomwona.

Baada ya Uhuru, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya 1967. Lakini 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na halmashauri za wilaya zikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Enzi hizo za chama kimoja, michango na nguvu za wananchi vilijenga viwanja vingi. Vyama vingi viliporudi 1992, viwanja kama Sokoine pale Mbeya na Kirumba kule Mwanza vilibaki mikononi mwa CCM. Ndiyo maana ubishi wa mali ya nani na nani atengeneze nyasi hauishi.

Tukuyu kuna uwanja wa Tandale. Soka hapo, sherehe hapo, na miaka ya 2010 hata tamasha la ngoma za asili lililoanzishwa na Tulia Ackson lilifanyika hapo. Mji mzima unagombania nyasi zilezile. Utaniambia tuna Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu. Sawa, ni vivutio vizuri, lakini mtoto wa Makandana au Bulyaga hawezi kwenda Ngosi kila jioni akitoka shule.

Na Rungwe ni milima. Ardhi tambarare ni ya kutafuta, na migomba, chai na nyumba vyote vinaitaka. Kiwanja kikishajengwa, ndio basi.

Kwa hiyo kabla ya kulilia kocha na mfadhili, halmashauri iandike orodha ya kila kiwanja cha mtaa na cha shule, ivipime, ivitolee hati. Hilo halihitaji mabilioni. Babu zetu waliwatengea watoto kijiji kizima. Sisi tunashindwa kuwatengea eneo la magoli mawili?

Naomba kuwasilisha.