Uso Huandaliwa: Kutoka Studio za Pwani hadi Paa la Fedha

Katika karne ya 19 kupigwa picha kulikuwa kazi ya kujikaza. Bamba za kamera za mwanzo zilinasa mwanga polepole, kwa hiyo mteja alikaa kama mti mpaka aambiwe basi. Studio kama ya A.C. Gomes pale Unguja zilirithi adabu hiyo. Huku bara, Kenya, serikali ya kikoloni haikuhitaji hata uso: sheria ya kipande ya 1915 ilitaka alama za vidole, na mwanamume Mwafrika akazibeba shingoni ndani ya kikasha cha bati.

Sheria hiyo ilikuwa ingali inatumika N.V. Parekh alipofungua studio yake Mombasa mwaka 1942, miaka 12 baada ya Ranchhod Oza kuanzisha Capital Art Studio Mji Mkongwe. Kwangu mimi, Parekh ndiye mwalimu. Alipanga taa, akamwelekeza mteja kichwa, mabega na macho, na mapozi yenyewe yana harufu ya sinema. Hata hivyo watu wake wanapumua. Mpangilio wote ule ulimpa mteja ruhusa ya kujionyesha apendavyo, na hapo ndipo uhalisia ulipotokea.

Filamu za kamera nazo zilikuwa na upendeleo. Kodak ilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na nyuso zetu nyeusi zikapotea kivulini. Kamera za dijitali zimepunguza dhuluma hiyo, hazijaimaliza.

Leo mtaani Fedha, Nairobi, kibandani, picha ya pasipoti ni kazi ya dakika: kaa wima, usicheke, lipa. Picha ya maana hupigwa juu ya gorofa, penye kamba za nguo, jua likishaanza kulegea. Mpiga picha anayejua kazi huzima flashi, humweka mtu kivulini akitazama upande wenye anga wazi, na shuka jeupe lililoanikwa humrudishia mwanga chini ya kidevu. Kisha humuuliza habari za nyumbani. Picha za kwanza huwa za woga tu, mabega yako juu na tabasamu ni la kuazima. Anazipiga ili mteja aizoee kamera. Mteja akifika kwenye kisa cha shemeji yake, mikono inaanza kusema, na hapo ndipo kazi inapoanza.