Amri Isiyo Nguvu

Xenophon, askari na mwandishi wa Uyunani katika karne ya 4 K.K., aliandika kitabu kizima juu ya upandaji farasi. Alidai humo kwamba farasi alazimishwaye hafanyi jambo kwa ufahamu wala kwa uzuri, sawasawa na mchezaji ngoma achapwaye ili acheze. Dai hilo laweza kudhaniwa kuwa ni huruma tupu. Sivyo. Katika 1907, mjini Berlin, Oskar Pfungst alieleza siri ya farasi Hans, aliyesifiwa kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Hans hakujua hesabu hata chembe: alisoma mtikisiko mdogo wa kichwa cha muulizaji, ambao muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anautoa. Wengi walimdharau tangu hapo. Kwangu mimi alistahili sifa kubwa zaidi. Mnyama aonaye hayo kwa macho, mgongoni atakosa kuhisi nini?

Lakini Olimpiki iliufanya upandaji wa madaha, ambao hupima mwendo wa farasi na utii wake, kuwa milki ya maofisa. Katika 1949 Sweden ilinyang’anywa medali ya dhahabu ya mwaka uliotangulia kwa kuwa mpandaji wake mmoja hakuwa na cheo hicho. Wanawake hawakuruhusiwa kabisa. Mlango ulifunguliwa Helsinki, 1952, akaingia Lis Hartel wa Denmark, aliyepatwa na ugonjwa wa kupooza 1944, na ambaye miguu yake chini ya magoti haikuwa na nguvu. Alisaidiwa kupanda, akasaidiwa kushuka. Kati ya mambo hayo mawili alisema na farasi wake Jubilee kwa uzito wa mwili na mgongo, akatwaa medali ya fedha.